Sijatoa Mji Bado

Umeme ulipokuwa ukikatika usiku kwetu Pangani, Bibi hakuwa na haraka ya kutafuta kibatari. Alijisogeza katikati ya mkeka, akanyoosha miguu, akaita: "Kitendawili!" Nasi wajukuu popote tulipokuwa, jikoni, uani, mlangoni, tukaitikia kwa sauti moja: "Tega!"

Aliyelijua jibu alilitaja. Asiyelijua alidaiwa: "Nipe mji." Binamu yangu hakuwa na subira. Kabla hata hatujafikiri yeye keshasema, "Nakupa Tanga," na Bibi anaupokea mji wake kwa madaha: Tanga nimekwenda, nimepokewa vizuri, nimekula nikashiba, nimelala, nimeamka, nimerudi, na jibu lake ni yai. Usiku mmoja tu Bibi aliweza kuchukua Tanga, Unguja, Mombasa na Bagamoyo, akaenda kulala pwani nzima ikiwa yake.

Mimi nilikuwa mgumu kutoa. Nilimwambia, "Bibi, sijatoa mji bado," nikaingia kulala na kitendawili chake kichwani, nikaamka nacho, nikaenda nacho kisimani. Jibu likinijia njiani nilirudi mbio, ndoo kichwani, maji yakinimwagikia mabegani. Furaha ile sijapata ya kuifananisha nayo. Na majibu niliyopewa kwa kulipa mji, hata yawe mazuri namna gani, niliyasahau kabla ya Ijumaa.

Sasa nina kazi na watoto, na tabia hiyo bado ninayo. Napenda mafumbo ya hisabati, haya tunayoyaita chemsha bongo. Sikusomea hisabati chuoni. Nina madaftari manne yaliyojaa mitumbwi, nukta, mishale na namba, na kila safari ndefu hubeba moja. Nimeona watu wengi walioachwa na hesabu darasa la sita au la saba wakaondoka na imani kwamba raha hii si yao. Ni yao. Inakaa katika ule muda wa kukwama, kabla hujatoa mji, na ninaandika haya ili nikuonyeshe inapokaa.

Fumbo lililonishika kwanza lilikuwa la mto. Ukifika Pangani utaona mji uko upande mmoja wa mto na Bweni iko ng'ambo, na kati yake pantoni inakwenda na kurudi ikibeba magari, baiskeli, mifugo na watu. Kwa hiyo Bibi hakuhitaji kutuchorea kitu. "Zamani, kabla ya pantoni," alisema, "mtu mmoja alitaka kuvuka kwenda Bweni. Ana chui, ana mbuzi, ana mzigo wa majani. Mtumbwi wake mdogo, unambeba yeye na kimoja tu katika hivyo vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi keshaliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yamekwisha. Atavukaje?"

Kama hulijui fumbo hili, simama hapa. Tafuta kokoto, punje ya mahindi na jani, chora mto mezani kwa kidole chenye maji, uvushe. Nakusubiri.

Hatua ya kwanza kila mtu anaipata: amvushe mbuzi, kwa kuwa chui hali majani. Arudi. Sasa achukue nini? Akimvusha chui, basi akigeuza mtumbwi kufuata majani, kule Bweni chui na mbuzi wamebaki pamoja. Akivusha majani, mbuzi atayamaliza kabla hajafika katikati ya mto. Nilizunguka hapo hapo siku tatu. Nilitaka kumfunga mbuzi mdomo, Bibi akakataa. Nilitaka chui aogelee kando ya mtumbwi, Bibi akakataa. Siku ya nne nilikuwa nimekaa ukingoni naitazama pantoni. Ilifika Bweni, ikashusha watu, ikapakia, ikarudi imejaa.

Ikarudi imejaa! Siku tatu zote mtu wangu alikuwa akirudi na mtumbwi mtupu, kwa sababu nilishika kwamba kilichokwisha kuvushwa kimevushwa, hakigeuki. Bibi hakusema hivyo. Sharti hilo nililiweka mimi, nikafungwa nalo.

Basi: amvushe mbuzi, arudi peke yake. Amvushe chui, arudi na mbuzi. Amshushe mbuzi huku, avushe majani, arudi peke yake. Amvushe mbuzi tena. Safari saba, na ile ya nne, ya kumrudisha mbuzi alikotoka, ndiyo fumbo lote.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mtu yule na mtumbwi wake wamezunguka dunia. Ulaya wamo katika mkusanyo wa Kilatini wa mafumbo ya kunoa akili za vijana, ambao kwa kawaida huhusishwa na Alcuin wa York, msomi aliyefundisha katika kasri la mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Kule ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Barani Afrika mafumbo ya namna hii yamesikika kuanzia Aljeria hadi Zambia, kila mahali na wanyama wake. Nimesoma pia namna moja ya Waswahili, yenye chui, mbuzi na majani kama ya Bibi, ila mtumbwi unabeba vitu viwili pamoja na mwenyewe, na sharti ni kali zaidi: hakuna viwili vinavyoruhusiwa kubaki pamoja bila yeye, upande wowote. Hilo sitalifumbua. Umeshajua mlango wake uko wapi.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Hisabati ya darasani ilikuwa na saa: maswali ishirini, dakika thelathini, fimbo juu ya meza. Aliyekwama aliitwa mbele. Jambo ambalo kwenye mkeka wa Bibi lilikuwa tamu, pale lilikuwa kosa, na nadhani watoto wengi walipotelea hapo hapo, wakidhani kwamba kujua hesabu ni kutokwama.

Lakini wakati wa mapumziko, mchangani nyuma ya darasa, hisabati nyingine iliendelea bila kuitwa hisabati. Tulikuwa tukichora bahasha. Chora mraba, kisha unganisha pembe zake kwa mistari miwili inayokatana katikati: hiyo ni bahasha iliyofungwa. Ukiongeza pembetatu juu yake, kama karatasi ya juu iliyoinuliwa, ni bahasha iliyofunguliwa. Sharti: usiinue kidole, na usipite mstari mmoja mara mbili. Tulijua kwa mazoea kwamba iliyofunguliwa inachoreka. Iliyofungwa iliwashinda wote, hata wakubwa wa darasa la saba, na kulikuwa na kijana aliyewatoza wageni andazi moja kila waliposhindwa.

Kwa nini kubwa ichoreke na ndogo ikatae? Iliyofunguliwa ina mistari mingi zaidi, ilitakiwa iwe ngumu zaidi. Swali hili nilikaa nalo miaka, nikiliacha na kulirudia, mpaka siku moja, nikiwa kidato cha pili, nikafikiria kidole badala ya kufikiria mchoro. Kidole kikipita kwenye nukta, kinaingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine. Kwa hiyo kila nukta hutumia mistari yake miwili miwili. Nukta yenye mistari mitatu itabakiwa na mmoja usio na mwenzake, na huo hauna kazi nyingine ila kuwa wa kuanzia au wa kumalizia. Sasa hesabu. Bahasha iliyofungwa ina pembe nne, kila moja ina mistari mitatu. Nukta nne zinagombania nafasi mbili, mwanzo na mwisho. Haiwezekani, na haitawezekana kesho wala mwaka kesho, hata ajaribu mwenye kidole chepesi kuliko wote. Ukiongeza ile pembetatu, pembe mbili za juu zinapata mstari wa nne, zinatulia. Zinabaki mbili za chini: anzia moja, utamalizia nyingine.

Nilitetemeka, nasema kweli. Nilikuwa nimejua jambo kuhusu vidole vyote vya dunia kwa kuhesabu mpaka nne.

Mwanahisabati Leonhard Euler alifika hapo kabla yangu, mwaka 1735, alipowasilisha kwa chuo cha sayansi cha St. Petersburg jibu la swali la wakazi wa Königsberg: je, mtu anaweza kutembea mji mzima akivuka kila daraja mara moja tu? Madaraja yalikuwa saba, sehemu za mji nne, na kila sehemu ilikuwa na idadi witiri ya madaraja. Bahasha iliyofungwa tupu! Mji huo leo unaitwa Kaliningrad, na kutokana na matembezi yale ya jioni likazaliwa tawi zima la hisabati linalotumika sasa kupanga njia na mitandao.

Lakini wanaonigusa zaidi ni watoto wa Kasai. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti wa Kihungari, Emil Torday, alipokuwa kwa Wakuba, Kongo, alikuta watoto wamekaa wakichora mchangani. Wakamtaka naye achore michoro yao kwa mstari mmoja usiokatika. Akashindwa, wakafurahi sana. Kila nikisoma habari hiyo naliona tabasamu la yule kijana wetu na maandazi yake.

Na kusini zaidi, mashariki mwa Angola, Wachokwe waliifikisha sanaa hii mahali ambapo sisi watoto wa mapumziko hatukuota. Michoro yao inaitwa sona. Mchoraji kwanza anabonyeza nukta mchangani kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha huku akisimulia hadithi anapitisha mstari unaozizunguka nukta zote, mara nyingi mmoja tu, mpaka urudi ulikoanzia. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alizitafiti sona kwa miaka mingi. Katika aina moja ya sona, ambayo mstari wake unakwenda mshazari na kugeuka kila ukifika ukingoni, kama miyaa inavyogeuka kwenye mkeka, idadi ya mistari inayohitajika ni kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu za kwenda chini na za kwenda pembeni. Nukta 5 kwa 6: mstari mmoja unatosha. 4 kwa 6: miwili. 6 kwa 9: mitatu.

KKS! Ile ile ya darasa la sita, niliyoikariri bila kuambiwa inaishi wapi. Niliposoma hilo usiku, nilishuka kitandani nikapanga maharage sakafuni, tano kwa sita, nikaanza kuzungusha uzi wa kushonea. Ulirudi ulikoanzia, ukiwa umezunguka kila harage. Nikapanga nne kwa sita. Uzi ukarudi mapema, nusu ya njia ikiwa haijapitiwa. Bibi alisuka mikeka maisha yake yote. Ningependa sana angekuwepo usiku ule.

Fumbo jingine nililifumbulia kwenye basi, au niseme nilidaiwa jibu lake kwenye basi. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Tanga, daftari mapajani, na mzee aliyekaa pembeni yangu akawa anachungulia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza: "Unafundisha, binti yangu?"

"Hapana, mzee. Nacheza tu. Nitajie mwaka wowote, ila tarakimu zake zisifanane zote nne."

"1961," akasema papo hapo, kama ambavyo mzee yeyote wa Tanganyika angesema.

Nikamwonyesha. Panga tarakimu kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuanzia ndogo hadi kubwa, utoe. Jibu lake ulifanyie vivyo hivyo.

9611 toa 1169 ni 8442.
8442 toa 2448 ni 5994.
9954 toa 4599 ni 5355.
5553 toa 3555 ni 1998.
9981 toa 1899 ni 8082.
8820 toa 0288 ni 8532.
8532 toa 2358 ni 6174.

"Sasa ifanyie hiyo 6174 vivyo hivyo, mzee." 7641 toa 1467. Akatoa mwenyewe, polepole, kwa kalamu yangu: 6174. Imejirudia. Akanitazama. "Bahati hiyo." Akaandika 1964, mwaka wa Muungano. Hatua sita, 6174. Akaandika 1963 ya Kenya na Zanzibar: hatua tano, 6174. Mwaka 1962, ambao Uganda, Rwanda na Burundi zilipata uhuru, ulifika kwa hatua mbili tu, na hapo mzee akacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. 1960 ya Kongo ikachukua saba kama ya kwetu. Tulipofika Segera alikuwa amejaza ukurasa mzima, na hakuna mwaka uliokwepa.

Kisha akauliza swali lililonyamazisha kalamu: "Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua habari za mtu aliyeigundua: D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali, India, aliyeitangaza mwaka 1949. Wanahisabati wengi wa nchini kwake hawakumjali, wakaona anachezea namba kitoto. Alikuja kujulikana duniani mwaka 1975, Martin Gardner alipoandika juu yake katika jarida la Scientific American, kwenye safu yake ya michezo ya hisabati. Gardner huyo aliiandika safu hiyo kwa robo karne, na shahada yake ilikuwa ya falsafa. Haya yote nilimweleza mzee. Akasikiliza kwa adabu, akasema: "Sawa. Lakini kwa nini?"

Nilishuka Tanga na swali lake, nikakaa nalo wiki nzima. Nilianza kuandika namba kwa herufi badala ya tarakimu, na jambo likajitokeza. Ukitoa ile ndogo kwenye ile kubwa, jibu halitegemei tarakimu zote nne. Linategemea tofauti mbili tu: tarakimu kubwa kuliko zote toa ndogo kuliko zote, na ile ya pili toa ya tatu. Zidisha tofauti ya kwanza kwa 999, ya pili kwa 90, ujumlishe, umepata. Kwa 1961 tofauti ni 8 na 5: 7992 na 450, jumla 8442, kama tulivyopata kwenye basi. Sasa tofauti ya kwanza ni kuanzia 1 hadi 9, na ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza. Ukihesabu jozi zote zinazowezekana zinakuwa 54. Karibu namba elfu kumi zimekuwa hali 54 tu! Nilizipitia zote Jumamosi moja usiku, kurasa nne za daftari, moja baada ya nyingine, na zote zikamiminika mahali pamoja.

Nitasema ninavyoona: uthibitisho huu haunipendezi kama ule wa bahasha. Bahasha inakuonyesha sababu yenyewe, unaishika mkononi. Huu unanionyesha milango 54 na kwamba yote inaelekea chumba kimoja, lakini kwa nini chumba hicho na si kingine, bado sijaridhika. Ukitumia tarakimu tatu utaishia 495. Ukitumia mbili hutatulia popote, utazunguka 9, 81, 63, 27, 45 na kuanza tena. Mzee yule nisingependa akutane nami leo, maana ataniuliza tena.

Lile "kwa nini" lake limenifundisha pia kutoliacha fumbo la ngamia 17, ambalo kwenye baraza za pwani kila mtu analijua. Baba kafa, kaacha ngamia 17: mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, wa mwisho sehemu moja ya tisa. Hawagawanyiki. Jirani mwenye busara anawaazima ngamia wake, wanakuwa 18. Nusu ni 9, theluthi 6, sehemu ya tisa 2. Jumla 17, na jirani anaondoka na ngamia wake. Watu hushangaa, hucheka, mazungumzo huhamia kwingine. Lakini jumlisha zile sehemu: nusu, theluthi na moja ya tisa hazifiki kitu kizima, zinafika 17 juu ya 18. Marehemu hakugawa mali yote! Alisahau sehemu moja ya kumi na nane, na ngamia wa jirani kazi yake ilikuwa kuirudisha sehemu hiyo kwa ndugu watatu, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Nilipomweleza ustadhi mmoja anayefundisha mirathi, hakushangaa hata kidogo. Akasema kitu hicho kina jina, ni radd: mafungu yasipoijaza mali na pasiwepo wa kuchukua kinachobaki, mabaki hurudi kwa wenye mafungu kwa uwiano wao. Akaongeza kwamba kwa watoto wa kiume watatu sheria ingewapa sawa kwa sawa, kwa hiyo baba wa kwenye fumbo alikosea mara mbili. Tangu siku hiyo nalipenda zaidi fumbo hilo.

Babu yangu hakujali vitendawili. Yeye na bao. Mashimo 32, safu nne za nane, kete 64, kila mchezaji akianza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi. Kete unazozisambaza, ile ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, safari inaendelea, inaweza kuzunguka na kuzunguka tena. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Mchezaji mzuri anaiona safari yote kabla hajaokota kete ya kwanza. Babu aliweza kukaa kimya mbele ya ubao mpaka wapita njia wakamwambia, "Mzee, cheza basi." Alikuwa akijibu kwamba kichwa kimeshacheza, mkono ndio bado. Nilimkuta hivyo mara nyingi, macho ubaoni, kahawa imepoa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba.

Uso huo nimeuona tena mwaka huu, kwa binti yangu.

Yuko darasa la nne. Nilimpa fumbo la Lothar Collatz, Mjerumani aliyelifikiria mwaka 1937, kwa sababu linahitaji hesabu anazozijua tayari. Chagua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa mbili. Ikiwa witiri, izidishe kwa tatu, ongeza moja. Rudia. Akaanza na 7: 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Akaanza na 12, akafika 1. Akaanza na 20, akafika 1.

"Zote zinafika moja, mama?"

"Hilo ndilo swali."

Akafikiri kidogo, akashika kiuno kama Bibi yangu, ambaye hakupata kumwona. "Sijui. Nakupa Dodoma. Nipe jibu."

Ikabidi nimwambie ukweli kwamba Dodoma yake sina cha kuilipia. Hakuna mwenye jibu hili. Kompyuta zimejaribu namba zote hadi kupita 2 kwa kipeo cha 68, na zote zimefika 1, lakini kujaribu si kuthibitisha. Namba hazina mwisho. Paul Erdős, aliyeandika karatasi nyingi za hisabati kuliko karibu kila mtu, alisema hisabati haijawa tayari kwa maswali kama haya, akaahidi dola 500 kwa atakayelimaliza, akafariki mwaka 1996 bila kupata wa kumlipa. Mwaka 2019 mwanahisabati Terence Tao alithibitisha kwamba karibu namba zote hushuka chini sana zikilinganishwa na zilikoanzia. Karibu zote. Ile "karibu" bado iko pale pale.

Macho yalimtoka. "Hata mwalimu hajui?"

"Hata mwalimu."

"Basi sitoi mji," akasema, akaichukua kalamu. Nikamwambia ajaribu 27. Sikumwambia kwamba 27 ina hatua 111.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Ilishuka hadi 41, ikapanda 124, ikashuka 31, ikapanda tena. Ilipopita 1000 aliniita. Ilipofika 7288 aliinuka, akazunguka meza, akarudi kukaa. Mara mbili alikosea kuzidisha, akagundua mwenyewe, akafuta. Kaka yake alimwita nje wakacheze, hakusikia. Jua lilikuwa limeshashuka nilipopita nyuma yake nikamkuta kwenye 9232, shingo imeinama, ulimi umebanwa kwa meno.

"Inashuka, mama. 4616. 2308. 1154." Akasimama kidogo. "577."

Witiri. Akageuza ukurasa.